Nipo Njiani

Kila mtu alimwita Opareta, hata dada yake waliyezaliwa naye tumbo moja. Miaka na miaka alikaa kwenye chumba cha simu cha hospitali kubwa, visikizio kichwani, akiunganisha wagonjwa na madaktari, na wafiwa na chumba cha maiti. Kazi ile ilimpa masikio ambayo mimi nisingeyataka hata ya bure. Mtu akisema "haloo" tu, yeye keshajua kama amelia, kama amelewa, au kama anaongopa. Sasa niambieni, mwanamke mwenye masikio ya namna hiyo alizungushwaje na Chiriku muda wote ule? Mpaka leo nikifikiria nachukia, halafu nachukia zaidi kwa sababu yule Chiriku hakuwa mtu mbaya.

Yeye na Opareta walikulia nyumba jirani. Jina la Chiriku alipewa udogoni kwa kutonyamaza, na alipokua mdomo huo ukamlisha. Siku za kazi alisimama nje ya duka moja la simu na kipaza sauti, akiita wateja. Mwisho wa wiki alisherehesha harusi. Alikuwa na sauti mbili. Ya nyumbani ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani anayemdai. Ya kazi, loo! Ile ilikuwa nene na ya upole, ukiisikia unataka kumweleza shida zako zote na za shangazi yako.

Hospitali ilipoleta mtambo mpya, chumba cha simu kikafungwa na Opareta akapewa mkono wa kwaheri. Hakulia. Alikumbuka wazee waliokuwa wakipiga simu hospitali bila ugonjwa wowote, wakiuliza saa, wakiuliza kama mvua inanyesha huko, ili mradi wasikie mtu. Akapata wazo: simu iwapigie wazee kila asubuhi, iwasalimie, iwaulize kama wamekunywa dawa, na zahanati ndiyo ilipe. Fundi wa kompyuta akamtengenezea programu, akalipwa chake, akaenda zake. Kilichobaki ni sauti, na sauti ilikuwa ya Chiriku.

Walimrekodi kwenye kabati la nguo la dada yake, lile kubwa la ukutani. Chiriku alikaa kwenye kigoda, kichwa katikati ya magauni, ili mwangwi wa chumba usiingie. "Shikamoo. Umeamkaje leo?" Halafu anakaa kimya, mzee ajibu. "Haya, nashukuru kusikia. Dawa umeshakunywa? Kama tayari, bonyeza moja. Kama bado, bonyeza mbili." Alipotoka kabatini jasho lilikuwa linamchuruzika hadi shingoni, na uso unang'aa kwa furaha.

"Nusu kwa nusu, Opareta," alisema. "Kampuni yetu hii."

Wakapeana mikono. Wiki iliyofuata Chiriku akachapisha kadi zilizoandikwa kuwa yeye ni mkurugenzi, akazigawa harusini. Na huo ndio ukawa mwisho wa kuonekana kwake.

Si kwamba alikataa kuja. Angekataa, leo nisingekuwa na la kusimulia. Alituma ujumbe wa sauti. "Kesho nakuja, Opareta." "Nimekwama kidogo, nisubiri." "Usijali, nipo njiani." Na visingizio vyote hivyo alivituma kwa ile sauti ya kazi, maana alijua ndiyo inayowapooza watu hasira. Opareta alimsikia anaongopa, masikio yake hayakulala. Lakini kusikia ni kitu kimoja na kutaka kusikia ni kingine, na yeye alikuwa ameshaacha kutafuta kazi kwa ajili ya kitu hiki.

Basi akaanza kushona. Simu zilishaanza kupigwa, na mganga mkuu wa zahanati akiomba sentensi mpya, Opareta alifungua zile jumbe za Chiriku kwenye kompyuta, akakata neno hapa, pumzi pale, akaunganisha. "Kesho" ya kisingizio ikawa "kesho ni siku ya kliniki." "Nisubiri" ikawa "usisubiri hali iwe mbaya." Alikuwa fundi, nampa haki yake. Huwezi kusikia mshono.

Dada yake alianza kulalamika. "Huyo mwenzio hana adabu. Anashinda chumbani kwako akizungumza, akipita hata salamu hanipi."

"Hajaja, dada. Ni kompyuta."

"Mimi namjua Chiriku tangu hana meno. Nimemsikia anacheka."

 Opareta hakuwa na kicheko cha Chiriku popote kwenye kompyuta ile. Alikitafuta siku nzima kwenye mafaili, moja baada ya jingine, hakukiona, akajiambia dada amechoka. Lakini tangu hapo, sauti ikisema "shikamoo" chumbani, mara mbili tatu alijikuta ameitikia marahaba kabla hajajizuia.

Sasa hapa ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa la watu wawili hawa peke yao, sidhani kama lingewezekana kwa wengine. Zahanati iliomba hivi: mzee akibonyeza mbili, yaani bado hajanywa dawa, aambiwe kwamba muuguzi atampigia. Neno "muuguzi" Chiriku hakuwahi kulitamka, na alipoombwa aje alitamke, akasema kesho. Opareta akachoka. Akachukua kipande kimoja kizima, "Usijali, nipo njiani," akakibandika pale. Cha muda tu, alijiambia. Mzee ataelewa kuwa kuna mtu anamshughulikia. Kikakaa pale miezi.

Na kazi ikashamiri! Wazee waliobonyeza mbili wakaongezeka kila wiki. Muuguzi aliwapigia wote, wakamjibu vizuri, na mganga mkuu akafurahi kwamba sasa wanawakamata wasahaulifu ambao zamani hawakujulikana. Akataka mkataba. Ila zahanati haiwezi kuingia mkataba na mtu na kompyuta yake chumbani. Inataka kampuni iliyosajiliwa. Opareta akaenda kwa wakili.

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda na ngazi mpaka mezani kwake. Alikuwa mama mtu mzima anayemenya chungwa huku akikusikiliza.

"Mwenzako yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko njiani," Opareta alisema, kisha akajisikia alichosema.

"Bila yeye kuna kampuni?"

"Bila yeye hakuna sauti."

"Sauti umenisikilizisha, ni nzuri. Mimi nauliza mtu." Wakili alitema mbegu kwenye kiganja. "Nisikilize, mwanangu. Ukimwandika nusu leo, kesho hufungui hata akaunti ya benki bila saini yake. Utakuwa umeolewa na kivuli, na kivuli hakitoi talaka. Kabla sijaandika chochote, mtake aseme neno moja. Anakuja? Basi aseme kazi yake ya sasa anaiacha lini, na hisa azipate kidogo kidogo kadiri anavyofanya kazi. Haji? Aseme haji, umlipe sauti yake, mwachane kwa wema. Kinachoua kampuni changa ni yule asiyekuja na asiyekataa."

Opareta akapiga simu palepale. Akaomba, akabembeleza, akamwambia hata kama jibu ni hapana hatakasirika.

"Opareta bwana! Mimi na wewe tena?" sauti ya kazi ilimjibu. "Wewe niandike tu. Mimi nipo."

Wakili alitikisa kichwa, akamrudishia karatasi zake zikiwa nyeupe.

Asubuhi iliyofuata Opareta aliamua kuwatembelea wazee, maana mganga mkuu alitaka maneno mawili matatu kutoka kwao ya kuambatanisha na mkataba. Aliingia mtaa wa kwanza saa ile simu zinapomaliza kupigwa. Jua lilikuwa limeshatoka, watu wanafagia, mtu anaosha gari. Akaona mzee ameketi mlangoni kwake, mlango wazi, amevaa shati la kutokea, na mbele yake kiti kitupu. Akamsalimia, akapita. Nyumba ya pili kutoka pale, bibi mmoja, mlango wazi, kiti kitupu. Ng'ambo ya barabara, kingine. Wote walikuwa wanatazama upande mmoja, ule barabara inakoingilia, na hakuna aliyekuwa anazungumza na mwenzake.

Fundi cherehani mstaafu alimshika mkono. "Wewe si ndiye mwenye ile simu? Kijana wako ana heshima sana. Lakini mwambie miguu yangu haiwezi kukaa hapa mpaka adhuhuri kila siku. Afike basi."

"Nani, baba?"

"Si huyo aliye njiani."

 Opareta aligeuka akaanza kutembea haraka, halafu akakimbia, mwanamke mzima na mkoba wake, kwa sababu alikuwa amekumbuka kuwa mzee wa kwanza kabisa kuingizwa kwenye simu zile, siku za majaribio, alikuwa mama yake Chiriku.

Mama huyu aliishi peke yake kwenye vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, akiona watu kama moshi. Shinikizo la damu lilikuwa limeshamwangusha mara moja, na daktari alisema likimwangusha tena halitamwachia mdomo wa kuzungumza. Opareta alimkuta mlangoni. Kiti kilikuwepo, kimefutwa vumbi, na kikombe cha chai juu ya kigoda, kimepoa hadi kimeweka utando.

"Mama, dawa unakunywa?"

"Sijanywa, mwanangu. Nitakunywaje?" Bibi aliingiza mkono chini ya mto wa kiti alichokalia, akatoa kopo. Vidonge vilijaa mpaka juu. Vilikuwa vya wiki nyingi. "Nikibonyeza moja ananiambia siku njema, anakwenda zake. Nikibonyeza mbili ananiambia yuko njiani. Na mwanangu simdanganyi. Nikibonyeza mbili, lazima iwe kweli sijameza."

"Na muuguzi akipiga?"

"Huyo namwambia nimemeza. Huyo si mwanangu."

Opareta alikaa chini sakafuni. Akatoa simu, akampigia Chiriku, akaweka sauti kubwa. "Mama yako ameacha dawa. Ameacha kwa ajili yako. Njoo sasa hivi."

Upande wa pili palikuwa na makelele ya barabarani. "Mama yangu?" Pumzi fupi. "Usijali, nipo njiani."

Ilikuwa pumzi ileile. Opareta aliikata mwenyewe ile pumzi, aliijua urefu wake, alijua inapokwaruza kidogo kabla ya neno. Kwa sekunde kadhaa hakuwa na hakika amempigia mtu au amepiga namba ya kompyuta yake. Bibi yeye alitabasamu, akageuza uso barabarani.

"Umesikia? Hana tabia ya kusahau."

Opareta hakungoja. Alikwenda mpaka duka la simu, akamkuta Chiriku palepale, jukwaani, akiwaahidi wapita njia punguzo la bei. Hakuwa amesogea hata hatua. Akapanda, akamnyang'anya kipaza sauti mbele za watu, akamshika ukosi kama mwizi wa kuku. Watu wakacheka, wakadhani ni mke. Chiriku mwanzoni alicheka nao. Alipouona uso wa Opareta akaacha.

Walipofika kwa bibi, Chiriku alijitupa kwenye kile kiti mlangoni, anahema. "Mama. Nimefika."

Sauti ilitoka ile nyembamba. Bibi alinyoosha mikono, akampapasa paji la uso, pua, masikio, polepole. "Umefanana naye, kweli," alisema. "Ana bahati ya kufananiwa. Lakini nipishe hapo, baba, hicho ni kiti cha mwanangu. Yuko njiani."

"Mama, ni mimi!" Akamshikisha kovu la goti. Akamweleza alivyoanguka kutoka juu ya paa, na nani alimbeba.

"Hayo kakuambia mwenyewe. Anaongea sana mwanangu."

Chiriku alijaribu ile sauti ya kazi, ikamkatikia kooni. Akasimama. Akatoka mpaka nje ya ghala, akampigia mama yake simu kutoka huko, Opareta akiwa bado mlangoni na bibi anaona yote. Bibi aliweka simu sikioni.

"Mama, ni mimi. Sikuwa njiani. Hata siku moja sikuwa njiani. Nilikuwa naongopa tu."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Sikujui wewe nani," alisema kwa upole. "Mwanangu hajawahi kuniongopea." Akakata.

Opareta alimkuta Chiriku ameegemea rundo la mbao, analia kama mtoto. Alikuja amejaa matusi, nayo yakamwishia mdomoni. Alimhurumia, na huruma ile ilimuudhi.

"Mwambie wewe," Chiriku alisema. "Sauti yangu yote unayo. Mfanye ameze."

"'Meza' ninayo. Akiambiwa ameze atangoja ummezeshe kwa mkono wako. Ninachohitaji ni uwe umemwambia kwamba huji. Nimetafuta, Chiriku. Jumbe zote hizo, mwaka mzima, 'sitakuja' haipo. Hujawahi kuitamka. Kwa mama yako, kwangu, kwa yeyote." Akajifuta uso kwa kitambaa. "Mimi nami nimekaa kwenye kiti nikiingoja hiyo hiyo."

 Chiriku alitembea nyuma yake mpaka nyumbani kwa dada, akaingia kabatini mwenyewe bila kuambiwa, akavuta mlango. Dada, aliyekuwa amesalimiwa naye mlangoni, aliuliza kwa mshangao mbona leo Chiriku amesalimia.

Opareta aliweka visikizio, akangoja. Mle ndani palikuwa na mtu anakohoa katikati ya magauni. "Mama, sita..." Kimya. "Mama, sita..." Mtu huyu aliyeweza kusherehesha ukumbi mzima bila karatasi, neno moja lilimshinda kiasi kile. Opareta alikaribia kufungua mlango amwache aende. Halafu ikatoka, nene, ya upole, bila pumzi fupi mbele yake, ile sauti ambayo watu walilipia kuisikia:

"Mama, sitakuja. Usiningoje. Meza dawa yako."

Alitoka bila kuuliza ilikuwaje. Alikuwa ameloa jasho. "Na wakili wako," alisema kwa sauti ya nyumbani, akitazama sakafu, "mwambie hivyohivyo. Kampuni yako, Opareta. Sitakuja."

Hakukuwa na ugomvi. Siku hiyohiyo Chiriku alisaini kwa wakili kwamba amejitoa, juu ya duka la rangi, na kampuni ikaandikwa jina moja. Jioni Opareta akaingia kabatini mwenyewe. Akarekodi maneno yote upya kwa sauti yake kavu ya opareta, pamoja na "muuguzi atakupigia," na ya Chiriku akaifuta kipande kwa kipande. Alibakiza sentensi moja, ipigwe kwa namba moja, mara moja.

Kulipokucha alikuwa amekaa na bibi. Chiriku naye alikuja, hakuthubutu kuingia, akasimama nje ya mlango. Simu ikaita. Bibi akatengeneza nguo yake, akapokea. Opareta alimwona akisikiliza, akaona kidole kinatafuta kitufe cha mbili, kikasita. Simu ilishakatika, bibi bado kaishikilia sikioni.

Hakulia. Aliishusha, akaiweka juu ya kigoda. Kisha akaomba maji, akafungua kiganja, Opareta akamwekea vidonge vya siku ile, akameza kimoja kimoja. Akayageuza macho yake yenye ukungu mlangoni, akamwona yule aliyesimama kama moshi.

"Pita ukae, baba," alisema. "Kiti hakina mwenyewe sasa."